Boti ya faiba ya mwaka 1966: klasiki, au plastiki kuukuu?

«Papa fundi, jambo. Baba mkubwa wetu alifariki mwaka jana, akatuachia boti ya matanga katika parseli yake kando ya Ziwa Kivu, Nguba, hapa Bukavu. Ni ya faiba, urefu wake mita 8 na nusu hivi. Omo (ncha ya mbele) na tezi (ncha ya nyuma) zimechomoza mbali, mkuku, yaani uti wa chini, ni mrefu, usukani umefungwa nyuma ya mkuku huohuo. Kibao cha kiwanda kimelika, mwaka 1966 tu ndio unasomeka. Haijaingia majini miaka mingi. Chini ina vipele vingi vidogo, na sitaha karibu na mlingoti inabonyea ukikanyaga. Kaka yangu anasema ni klasiki, Ulaya watainunua kwa pesa nyingi. Shangazi anasema klasiki ni za mbao, plastiki kuukuu ni takataka, tuikate. Binamu yetu anataka kuitia mota ya farasi 40 ibebe abiria wa kisiwa cha Idjwi. Nani yuko na haki? Na tukiitengeneza, tuanzie wapi?»

Mwanangu, pole kwa msiba wa baba mkubwa wenu. Mtu aliyeitunza boti ya namna hiyo hapa Bukavu, mbali na duka lolote la vifaa vya matanga, aliipenda kweli, na nimefurahi kwamba mmeuliza kabla ya kushika msumeno.

Ninavyoona, nyumba yenu imegawanyika kwa sababu maswali matatu yamechanganywa: boti ina hadhi gani, ina ugonjwa gani, na itafanya kazi gani. Nitaanza na shangazi, kwa kuwa wazo lake ndilo linaloua boti nyingi za aina hii.

Wazo hilo lina chanzo chake. Katika mashindano ya boti za zamani huko Mediterania, kamati iitwayo CIM ilizipanga hivi kwa miaka mingi: zilizoteremshwa majini kabla ya 1950 ni za kale, za 1950 hadi 1975 ni klasiki, na zote sharti ziwe za mbao au chuma. Faiba ilibaki nje. Lakini kanuni hiyo imewekwa ili watu washindane kwa haki. Ukiitumia kuamua boti ipi istahili kuishi, unasahau nani aliyezichora boti za kwanza za faiba.

Waliozichora ni watu walewale wa mbao. Mwaka 1956 Philip Rhodes, aliyekuwa amechora boti za mbao maisha yake yote, alitoa Bounty II, boti ya faiba yenye urefu wa zaidi ya mita 12. Mwaka 1959 mabinamu wawili wa ukoo wa Pearson, kutoka Bristol katika jimbo la Rhode Island, walipeleka kwenye maonyesho ya New York boti iitwayo Triton, iliyochorwa na Carl Alberg, mzaliwa wa Sweden. Zilijengwa kama 700 kabla ya mwaka 1967 kwisha. Kabla ya hapo, familia ya kawaida haikuweza kuwaza boti ya kulala ndani, kwa sababu boti ya mbao ilidai fundi stadi kwa miezi mingi na kalafati, yaani kuzibwa mianya, kila msimu. Baadaye Uingereza wakatoa Nicholson 32 mwaka 1963, na Ufaransa Michel Dufour akatoa Arpège mwaka 1966. Vitu hivi si bidhaa za bei rahisi zilizojifanya boti. Ni michoro ya mbao iliyopata mwili mpya, na kwa kuwa kila moja ilitoka katika kalibu ileile, mchoro wa bwana wake umehifadhika bila kupotoka.

Na kama shangazi anadai ushahidi wa baharini, mwambie habari ya mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979. Boti zaidi ya 300 zilianza, dhoruba ikazikuta katikati, mabaharia 15 wa mashindano wakafa. Katika daraja la boti ndogo kabisa, moja tu ilimaliza: Assent, Contessa 32, boti ya faiba yenye umbo jembamba la mtindo wa zamani.

Umri peke yake haufanyi boti iwe klasiki, na hapa kaka yako anateleza. Ziko boti za faiba za miaka 50 ambazo ni kuukuu tu. Mimi naangalia mistari kwanza, halafu ujenzi, halafu kama umbo lake la asili bado lipo.

Mistari ndiyo jambo zito, nivumilie kidogo. Umeandika kwamba omo na tezi zimechomoza mbali. Hiyo ni alama ya kizazi chake. Wakati ule boti za Marekani zilishindana kwa kanuni za chama cha Cruising Club of America, ambazo ziliangalia sana urefu wa boti pale inapogusa maji ikiwa wima. Mwenye mstari mrefu wa maji alihesabiwa kuwa na mbio, akatakiwa kuwaachia wengine muda. Wachoraji wakafupisha mstari huo na kuziacha omo na tezi zining'inie juu ya maji. Upepo ukija, boti ikilala ubavu, zile ncha zinaingia majini na boti inakuwa ndefu kuliko ilivyopimwa. Kilichoanza kwa ajili ya kanuni kikazaa umbo zuri ajabu: mstari wa juu wa ubavu unaoshuka polepole kutoka omo, unafika chini kabisa nyuma kidogo ya katikati, kisha unapanda tena kuelekea tezi. Simama hatua 30 kutoka kwenye boti yenu, funga jicho moja, fuata mstari huo. Kama jicho linakwenda bila kukwama mahali popote, aliyeichora alikuwa anajua kazi yake.

Chini, mkuku mrefu ni sehemu ya mwili wenyewe. Ubavu unateremka kwa kujikunja hadi kwenye farumi, yaani uzito wa risasi au chuma uliofungiwa ndani. Faida yake ni kwamba boti inashika njia hata ukiachia usukani kidogo, na mawimbi mafupi ya Kivu haiyapigi kwa kishindo, inayakata. Boti za sasa ni pana, zina mkuku mfupi wa kuchomekwa na usukani ulio peke yake. Zinageuka upesi, zinakimbia zaidi kwenye upepo mwepesi, na zina nafasi kubwa ya kulala. Nisikufiche: yenu itakuwa nyembamba ndani. Triton ina upana wa mita 2.5 tu. Kwenye upepo mwepesi itachelewa, na ziwa letu lina asubuhi nyingi zisizo na upepo kabisa.

Kuhusu ujenzi, utasikia kwamba boti za kwanza za faiba zilijengwa nene sana kwa sababu watu hawakuiamini. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Lakini unene bila resini, yaani gundi ya maji inayokauka ikawa ngumu, iliyopenya vizuri ndani ya nyuzi za faiba si nguvu, kwa hiyo usimwamini anayegonga ubavu na kusema «hii haifi». Ni kweli pia kwamba bei ya mafuta ilipopanda mwaka 1973, resini, ambayo hutokana na mafuta, ikawa ghali, na viwanda vingi vikaanza kubana kila kilo. Yenu imetangulia wakati huo. Ni dalili njema, na bado lazima ipimwe.

Sasa vipele, ambavyo watu huviita kansa ya boti na kukata tamaa. Si kansa. Ngozi ya nje ya faiba, ambayo mafundi tunaiita jelkoti, inaonekana kama kioo lakini maji hupenya taratibu sana. Ndani yake, kati ya ngozi na nyuzi, huwa kuna mabaki ya resini isiyokauka vizuri na gundi iliyoshika nyuzi kiwandani. Maji yakifika pale huyayeyusha, yanakuwa mchuzi wenye asidi. Mchuzi ule unavuta maji mengine kupitia ngozi, kwa nguvu ileile inayovimbisha maharage uliyoyaloweka usiku. Mahali pa kutokea ni padogo, shinikizo linapanda, ngozi inainuka, unaona kipele.

Hapa kuna kosa ninalolisikia kila mara ufukweni: «maji baridi ya ziwa hayadhuru, chumvi ndiyo adui». Kwa vyuma ni sawa. Kwa vipele ni kinyume. Kadiri maji ya nje yanavyokuwa matamu kuliko mchuzi wa ndani, ndivyo yanavyovutwa kwa nguvu zaidi, na joto linaharakisha. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Maji ya juu ya Kivu yana kama gramu 1, na joto lake ni digrii 23 au 24 mwaka mzima. Boti inayokaa majini bila kupanda nchi kavu katika ziwa kama letu inapata vipele mapema kuliko pacha wake wa baharini.

Habari njema ni kwamba yenu imekaa nje miaka mingi, imekauka. Toboa vipele vichache, ukiwa umevaa miwani kwa sababu majimaji yake hurukia macho. Kama shimo linaishia kwenye jelkoti, au linagusa mati (tabaka la nyuzi) ya kwanza tu, ni ugonjwa wa ngozi. Fungua vyote, osha kwa maji safi mara nyingi hadi harufu ya siki iishe, acha vikauke wiki kadhaa chini ya kivuli chenye hewa, kisha ziba kwa epoksi, resini inayozuia maji vizuri, iliyochanganywa na unga wake maalum. Usitumie mastiki ya gereji za magari. Najua inapatikana Kadutu na bei yake inavutia, lakini inakunywa maji na itakurudisha ulikoanzia. Kumbuka pia kwamba epoksi inashika vizuri juu ya polyesta kuukuu (resini ya boti za zamani) iliyokwanguliwa, lakini polyesta mpya juu ya epoksi haishiki vizuri. Anayeanza na epoksi amalizie na epoksi.

Lililonitia wasiwasi katika barua yako ni sitaha. Uliandika neno moja tu, «inabonyea», na hilo ni zito kuliko vipele vyote. Sitaha za wakati ule mara nyingi zilijengwa kwa tabaka mbili nyembamba za faiba, katikati kukiwa na vipande vya mti wa balsa au mbao za plaiwudi. Faiba haiozi, mti wa ndani unaoza. Maji huingia kupitia kila tundu la bolti: nguzo za kamba, pete, fremu za madirisha, na hasa vyuma vinavyoshikilia nyaya za mlingoti. Matone machache kila mvua, na mvua za Bukavu zinaanza Septemba hadi Mei. Baada ya miaka, kilicho katikati ni tope, na zile tabaka mbili hazishikani tena.

Chukua nyundo ya plastiki au mpini wa bisibisi, gonga sitaha yote kwa mistari, kiganja kwa kiganja. Palipo pazima panalia mlio mkali na mfupi. Palipooza panalia mlio mzito, uliokufa. Chora mpaka kwa chaki, kisha piga picha. Ukitaka uhakika, toboa tundu dogo kutoka ndani, chini ya dari, usipite tabaka ya juu. Vumbi kavu lenye rangi ya mti safi ni dalili ya uzima. Likiwa la rangi iliyofifia kuwa nyeusi, lenye unyevu na harufu, umepata jibu.

Angalia pia chini ya mlingoti. Kwenye nyingi za boti hizi mlingoti unasimama juu ya sitaha, na uzito unabebwa na boriti na nguzo ndani. Kama mlango wa chumba cha mbele unakwama kufunga, au dari inaonekana imeshuka katikati, boriti ile imechoka. Hapo usisimamishe mlingoti, hata kwa kupiga picha tu.

Matibabu ya sitaha yanachosha lakini hayana siri. Unakata tabaka ya juu kwa uangalifu, unaiinua nzima, unakwangua uozo wote mpaka ufikie mti mzima, unaweka balsa au plaiwudi mpya ndani ya epoksi, unarudisha tabaka yake na kuunganisha kingo kwa mati. Kila tundu la bolti litobolewe kubwa, lijazwe epoksi tupu, kisha litobolewe tena kwa kipimo cha bolti, ili maji yakipita siku nyingine yasikutane na mti.

Nyaya za mlingoti zisikupe kiburi kwa kung'aa kwake. Chuma kisichoshika kutu hufa pale kilipofichwa na kukosa hewa: ndani ya vishikio na ndani ya sitaha. Nyaya za miaka hiyo badilisheni zote bila kujadiliana. Vile vyuma vya kushikilia nyaya vitoeni nje, mviangalie mchana kweupe. Chenye ufa mdogo kama unywele au shimo la kutu kitupwe.

Binamu yako nitamjibu waziwazi: hapana. Kuna hesabu inayoonyesha kwa nini mota ile haitamsaidia. Boti nzito ya mkuku haiwezi kupanda juu ya maji. Mwendo wake wa juu unafungwa na urefu wa mstari wa maji. Chukua mzizi wa pili wa mita hizo, zidisha kwa 4.5, unapata kilomita kwa saa. Triton ina mita 6.25 kwenye maji: mzizi wake ni 2.5, mwendo ni kilomita 11. Farasi 40 hawataongeza kitu cha maana ila kuizamisha tezi na kuchoma mafuta. Na boti hii ilichorwa kwa watu wanne au watano walio chini, karibu na farumi. Ukiwapanga abiria na magunia juu ya sitaha, umeupandisha uzito pale pasipotakiwa. Sisi wa Kivu tulizika watu wengi baada ya boti iliyotoka Minova kupinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, Oktoba 2024, ikiwa imejaa kupita kiasi. Tafadhali msiongeze.

Kaka yako naye asihesabu pesa bado. Ulaya kuna boti za faiba za miaka ile nyingi kuliko wanunuzi. Ufaransa, tangu mwaka 2019, imeanzisha mpango wa kitaifa wa kuzivunja zilizokwisha maisha. Chache zenye jina kubwa zina bei, na hizo tayari ziko karibu na wanunuzi wao. Kuipeleka yenu hadi Dar es Salaam au Mombasa kwa lori, zaidi ya kilomita 1,000, kutakula faida yote. Thamani yake iko hapa: familia yenye boti nzuri ya matanga katika ziwa ambalo lina chache mno. Kama hakuna mmoja wenu anayetaka kusafiri kwa upepo, mpeni anayetaka, kwa bei ndogo au bure. Kwangu hilo ni afadhali mara nyingi kuliko kuikata, na kuikata nako si rahisi: vumbi la faiba linaingia mapafuni, na faiba ikichomwa inatoa moshi wa sumu.

Mkiamua kuitengeneza, anzeni na sitaha, kisha vyuma vya mlingoti, kisha vipele, na rangi iwe mwisho kabisa. Familia nyingi huanza na rangi kwa sababu inatia moyo, halafu wanaikata rangi mpya kufuata uozo. Kazi ya resini fanyeni kiangazi, Juni hadi Agosti, kuanzia saa nne asubuhi ukungu ukishapanda. Chini ya digrii 15 au kwenye unyevu mwingi resini inakauka vibaya. Dawa ya kukaushia polyesta inapofusha, kwa hiyo miwani ni lazima. Na kama resini yenu inakuja na kichocheo chake kando, msikutanishe kichocheo na dawa ya kukaushia moja kwa moja, kwa kuwa hulipuka. Changanya kimoja kwanza ndani ya resini, ndipo kingine.

Yako mambo ambayo barua haitoshi, mwiteni fundi aliyezoea faiba aje aguse kwa mkono: ufa mahali mkuku unapokutana na mwili, machozi ya kutu yanayotoka chini ya mkuku, maana farumi ya chuma ikipata maji inavimba na kupasua, ubavu unaoingia ndani ukiusukuma kwa kiganja, mlio uliokufa kwenye sehemu kubwa ya mwili wenyewe, si sitaha tu, vipele vinavyofikia nyuzi za ndani, usukani unaocheza. Lolote kati ya hayo linaweza kugeuza hesabu yote, na ni heri kujua kabla ya kununua dumu la kwanza la resini.

Kuhusu jina lake, msitafute namba ya mwili iliyochongwa kwenye tezi. Marekani walianza kuilazimisha mwaka 1972 tu. Fungueni tanga kuu kama bado lipo, mtazame juu karibu na ncha: alama ya kila aina ya boti hushonwa pale. Angalieni maandishi yaliyochongwa kwenye winchi, chini ya mlingoti, na ndani ya kabati la tezi. Kisha nipimieni vitu vinne: urefu wote, urefu pale palipo na alama ya maji, upana, na kina cha mkuku kutoka alama ile. Piga na picha moja kutoka ubavuni, ukiwa umechutama, kamera ikiwa usawa wa alama ya maji. Kwa vipimo hivyo aina yake hutambulika mara nyingi. Wakati mnasubiri, vueni turubai linalogusa sitaha, mfunge paa jepesi linaloacha hewa ipite, na mfungue madirisha yote mchana.